Firigisi katika Wodi ya Kajiado

Nilitoka kwetu magharibi nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mahindi, muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha nne. Lori lilikuwa linaenda Namanga, na dereva, ambaye alikuwa jirani yetu, alikubali kunibeba kwa sharti moja: nisilale. Alisema anayelala juu ya magunia huamkia barabarani. Tulipita Kericho kwa mvua na Nakuru kwa vumbi, tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa polepole hivi kwamba wauza sungura walikuwa wakitembea kando yetu na kutuonyesha sungura zao masikio juu. Nairobi niliiona kama taa tu. Dereva alikataa kusimama, na niliudhika kwa sababu nilikuwa nimevaa shati jipya kwa ajili ya Nairobi.

Tulipopita Athi River asubuhi, ardhi ikafunguka. Sikuwa nimewahi kuona mahali ambapo macho hayagongi kitu. Kwetu ukitazama upande wowote kuna mgomba, nyuma ya mgomba kuna nyumba ya jirani, na mlangoni kuna jirani mwenyewe anakutazama. Hapa kulikuwa na nyasi, swala wachache, na barabara inayokwenda tu. Gurudumu lilipasuka karibu na Isinya na tukakaa hapo hadi jua likageuka. Dereva alitukana gurudumu, serikali na mimi. Mimi nilikuwa juu ya magunia, nimesimama, nageuka huku na huku kama mtu aliyepewa shamba lote hilo.

Nafikiri kutanga kwangu kulianzia pale. Miaka ya tisini yote niliimaliza katika wilaya hiyo ya Kajiado bila kukaa mahali pamoja. Namanga nilikuwa mtu wa kukimbia na karatasi za madereva kutoka dirisha moja hadi lingine. Entarara nilinunua vitunguu shambani na kuvileta sokoni. Nilikaa Oltepesi kwa msimu mmoja, nikiuza nguo za mitumba kwa watu waliokuwa wakienda Magadi, na jua la huko lilizichuja rangi kabla sijaziuza. Nilikuwa mwembamba kama fimbo. Kila mahali niliondoka siku nilipoanza kujua majina ya mbwa.

Kilichonisimamisha ni nyama. Nilifungua bucha Kitengela wakati mji ulipoanza kujaa watu wanaofanya kazi Nairobi na kupanga huku, wengi wao wa kwetu magharibi, na wengine kutoka Mkoa wa Kati walionunua ploti na kujenga. Nyuma ya bucha niliweka jiko la kuchoma. Mwenye bucha anayeonja ili kuhakikisha, na kuketi na wateja ili wasijisikie wapweke, na kumaliza kilichobaki ili kisiharibike, hana njia ya kukwepa unene. Nilinenepa, na watu wakafurahi. "Ukiona mwenyewe, unajua nyama ni nzuri," wateja walisema. Nilinenepa zaidi. Kufikia miaka ya elfu mbili na kitu, sikuweza kutoka bucha hadi barabarani bila kusimama njiani na kujifanya natazama jengo jipya. Magoti yalilia. Nililala nikiwa nimeketi, na mara moja nililala nikiwa nimeshika kisu, nikimkatia mteja kilo mbili.

Lakini si magoti yaliyonipeleka hospitali. Ni kwamba nilitaka kuondoka. Ile hamu ya zamani ilirudi. Nilisikia madereva wakizungumza habari za Marsabit na Moyale, barabara ambazo sikuwa nimezikanyaga, na miguu yangu ilinikera chini ya meza. Nikijaribu kujiona nikienda, nilijiona hadi kona ya kwanza tu.

Mteja wangu mmoja aliyefanya kazi ya dawa ndiye aliyenieleza kwamba kuna daktari wa upasuaji, mama mmoja wa Nairobi, ambaye huja katika hospitali ndogo ya watu binafsi mjini Kajiado na kuwapunguza watu tumbo. Nilifikiri anamaanisha kukata mafuta kama ninavyoyakata kwenye nyama. Sivyo. Nilipomwona, daktari huyo mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alikunja ngumi yake na kuniambia, "Tumbo lako la chakula sasa ni kubwa kuliko hii mara nyingi. Mimi nitakuachia kama hiki." Akaonyesha kidole gumba.

"Na sehemu ile nyingine?"

"Inabaki humo ndani, imefungwa. Imestaafu."

Kisha aliniambia jambo nililolishika kuliko yote. Ini la mtu mnene nalo hunona, na limelala juu ya tumbo. Likiwa kubwa, yeye haoni anachokata. Kwa hivyo kabla ya upasuaji nilipaswa kunywa tu: supu ya mboga iliyochujwa, maziwa yaliyotolewa mafuta, maji. Hakuna cha kutafuna. "Nikisikia umetafuna kitu, sikugusi. Narudi Nairobi. Na mimi sirudi huku kesho, unanielewa? Kuna watu kwenye foleni."

Nilimwambia nimeelewa. Kisha tukagundua kwamba mizani ya hospitali ilikuwa imefika mwisho wake na mimi bado. Daktari alihitaji uzito wangu kwa ajili ya dawa ya usingizi, asibahatishe. Mimi mwenyewe nilijua mizani inayofaa, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikinunulia: ile ya ng'ombe, kwenye machinjio. Nilikwenda asubuhi nikitarajia hakutakuwa na watu. Wachuuzi wote wa mifugo walikuwepo.

"Huyu ni Borani ama Sahiwali?" mmoja aliuliza nilipopanda.

"Angalieni, msikubali! Amenyweshwa maji ndio apime vizuri!"

"Mgeuze tuone meno."

Nilicheka hadi sindano ya mizani ikakataa kutulia, na yule mpimaji akaniomba kwa adabu nisimame kama ng'ombe wengine.

Watu huniuliza kunakuwaje ukilazwa kwa kazi kama hiyo, nami huwaambia kwamba mwanzo ni kusubiri. Nililazwa mapema kwa sababu sukari yangu ilikuwa inapanda na kushuka. Waliniunganishia vitanda viwili na kuvifunga miguu kwa kamba. Walinitoa damu, wakanipiga picha ya kifua, wakanifanya nipumue ndani ya kichombo cha plastiki chenye vigololi vitatu: ukivuta pumzi vizuri vigololi vinapanda. Kwangu kilipanda kimoja. Sista mkuu, mama wa Kimaasai mwenye miwani kwenye kamba, alisema mapafu yangu yamekaliwa na tumbo, na nifanye zoezi hilo kila mara nikikumbuka, na nikisahau atanikumbusha yeye.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mzee wa Kimaasai aliyevunjwa mguu kwa teke la punda. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, umeinuliwa, naye akiwa chini yake kama mtu aliyeegemea mti. Siku ya kwanza nilimsalimia, "Supa, mzee." Akaitikia, "Ipa," akanitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza naumwa nini.

Nilimweleza. Alimwita sista mkuu aje amtafsirie, kwa sababu alidhani Kiswahili changu kina kasoro. Sista akamweleza kwa Kimaa. Mzee akanigeukia.

"Wewe umenona."

"Ndiyo, mzee."

"Mungu amekunonesha. Na sasa unalipa huyu mama akukonde?"

"Akukondeshe," sista alimsaidia.

"Hiyo hiyo. Si ungengoja kiangazi? Kiangazi inapunguza watu bila kisu. Ile ya juzi ilinipunguza mimi na ng'ombe zangu zote."

Wodi nzima ilicheka, na tangu hapo tukawa marafiki. Alinihurumia kweli kweli. Chakula kilipoletwa, yeye akipewa ugali na maharagwe na mimi kikombe cha maji ya mboga, aligeuza uso ukutani asile mbele yangu. Ilibidi nimwombe ale tu. Akala huku akilalamika kwa niaba yangu.

Siku moja kabla ya upasuaji, alasiri, shangazi yangu alifika.

Sikuwa nimemwita. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufa, na alikuwa nyumbani kwetu magharibi, mbali. Lakini mtu wa kwetu aliyepanga Kitengela alimpigia simu, akamwambia kwamba siku hizi mtoto wake anapungua, ameacha kula, na sasa amelazwa Kajiado. Anayekumbuka miaka hiyo anajua maneno hayo yalikuwa na maana gani. Mtu mnene akianza kukonda, watu walishusha sauti. Hawakutaja ugonjwa. Walianza tu kuulizana kama amejenga nyumbani. Shangazi alipanda basi akiwa na kuku wawili hai. Mmoja alimwacha kwa watu wa kanisa lake pale Kajiado waliompokea, na wa pili akampika kwao. Aliingia wodini na kikapu, amejifunga leso juu ya koti, machozi tayari yamekaa machoni. Kisha akaniona, nikiwa nimefunika vitanda viwili.

"Wee!" akasema. "Kumbe ulikuwa mkubwa kuliko hivi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu simama nikuone. Waliniambia umeisha!"

Nilimweleza yote, taratibu, ini na kidole gumba. Alisikiliza akinitazama mdomo. Aliuliza mara mbili kama sina ule ugonjwa mwingine, na sista mkuu akamthibitishia kwamba sina. Shangazi aliketi, akapumua, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo wagonjwa wawili waliitikia amina. Kisha akafungua kikapu.

Harufu ya kuku wa kienyeji aliyechomwa kidogo kabla ya kuchemshwa ilijaa wodi. Sikuwa nimetafuna kitu kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Mate yalinijaa hadi nikashindwa kuzungumza.

"Hutakula yote," shangazi alisema. "Nimesikia mambo ya daktari. Utakula hii tu." Akaitoa firigisi ikiwa kwenye kibakuli chake peke yake, imefunikwa na kisahani.

Ni lazima nieleze firigisi. Kwetu kuku akichinjwa, kile kipande kigumu cha tumbo lake ni cha mwenye nyumba. Mke hali, mtoto hali, mgeni hali mpaka mwenyewe ampe. Nimeona ndoa ikitikisika kwa firigisi iliyopotea njiani kati ya jikoni na meza. Na mama aliyekulea akikuletea, akiwa amesafiri usiku mzima, amekuja kukuambia kwamba bado wewe ni mwanamume wa nyumba hiyo, kwamba hujafa. Kuikataa ni kumwambia amepoteza safari. Shangazi hakuwa na haja ya kunieleza. Alinyoosha kibakuli na kungoja.

"Shangazi, nikitafuna, daktari anaondoka. Atarudi Nairobi na mimi nitabaki hivi."

"Kipande kama hiki? Nani atamwambia?"

"Mimi," sista mkuu alisema kutoka mlangoni. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Shangazi hakumtazama. Mkono wake ulibaki umenyooka. Nilikuwa nimekwama. Nikila, nimepoteza barabara zote nilizokuwa nikiziota. Nisipokula, nimemvunja moyo mama huyu mbele ya wodi nzima. Ndipo nikakumbuka kwamba mwenye firigisi ana haki moja kubwa: anaweza kumpa mgeni wa heshima. Baba yangu alifanya hivyo mara moja tu nikiona, alipotembelewa na mzee aliyemtahiri.

"Shangazi," nikasema, "hapa kitanda hiki ndicho nyumba yangu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na firigisi ni yangu."

"Ni yako ndiyo nakupa!"

"Basi nampa mgeni wangu." Nikanyoosha kidole kwa mzee.

Shangazi aligeuka akamtazama mzee: mguu juu, masikio yenye matundu makubwa, shuka jekundu juu ya shuka la hospitali. Alifikiri kidogo. Hakupata pa kunishika, kwa kuwa desturi ni desturi. Akainuka, akapeleka kibakuli kwa mikono miwili na kupiga goti kama inavyotakiwa.

Mzee akachungulia. "Hii ni nini?"

"Kuku," nikasema.

Uso wake ulibadilika. "Ndege?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya. Wazee wa Kimaasai wa rika lake hawali kuku. Kuku ni ndege, na ndege hafugwi wala haliwi, ni kama mtu akuletee popo. Nilikuwa nimemsukumia mzee mwenye heshima zake kitu ambacho hata mbwa wake angekifikiria mara mbili.

"Mimi sikulangi ndege," alisema polepole. "Baba yangu hakukulanga ndege."

Shangazi alikuwa bado amepiga goti. Sista mkuu aliinama, akasema na mzee kwa Kimaa, maneno mengi, na nikasikia neno daktari na nikaona mkono wake ukinionyesha mimi. Mzee alinitazama. Akamtazama shangazi, mama mtu mzima aliyepiga goti kwenye saruji.

"Nisipokula, huyu mama atalia?"

"Atalia," sista alisema.

"Na huyu mnono akikula, hakatwi."

"Hakatwi."

Mzee alivuta pumzi kwa nguvu kama anayetaka kupandisha vigololi vyangu vyote vitatu. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akafumba macho na kutafuna. Firigisi ya kuku wa kienyeji haitafunwi haraka. Wodi ilihesabu kimyakimya kila meno yalipokutana. Alipomeza, watu walipiga makofi, na shangazi akamwambia, "Asante sana baba, Mungu akupe miaka."

"Maji," mzee akasema.

Alipokwisha kunywa, alinieleza jambo nililokuwa nimelisikia Namanga bila kulijali. Kwao, watu wakipeana mnyama huacha kuitana majina. Mliopeana kondoo mnaitana Paker, mliopeana ng'ombe mnaitana Pakiteng, hadi kufa. "Sasa sisi wawili umetupa kazi," alisema. "Tutaitana nani? Pakuku?" Alicheka mwenyewe hadi mguu ukacheza kwenye kamba na akaguna kwa maumivu. Tangu jioni hiyo hakuniita kitu kingine. Pakuku.

Asubuhi waliniogesha kwa sabuni ya dawa, wakaninyoa tumbo, wakanivalisha soksi ndefu za kubana ili damu isigande miguuni. Kuvaa soksi hizo kulihitaji wauguzi wawili na utani mwingi. Shangazi aliomba akiwa ameshika kidole changu cha mguu, sehemu pekee aliyoifikia. Ninachokumbuka kwenye chumba cha upasuaji ni baridi, taa, na daktari akiniuliza, "Umetafuna?" Nikasema sijatafuna. "Nimesikia habari za firigisi," akasema. "Hesabu moja hadi kumi." Sijui nilifika ngapi.

Niliamka na kiu. Hilo ndilo la kwanza mtu alijue: si maumivu, ni kiu. Maumivu yapo, kwa maana walinipasua kutoka chini ya kifua hadi karibu na kitovu, lakini yana dawa. Kiu hiyo haina dawa. Wanakulowesha midomo kwa pamba na unataka kuimeza pamba. Kulikuwa na mpira puani, mpira wa mkojo, na mpira mwingine ubavuni wa kutolea maji machafu. Kabla jua halijazama walinisimamisha. Nilidhani wanafanya mzaha. Sista mkuu alinipa mto niukumbatie tumboni, akasema nikikohoa niubane, na tukatembea hadi dirishani na kurudi, mimi na mto wangu na chupa zangu, kama mtu anayehama nyumba.

"Pakuku amekuwa bibi arusi," mzee akasema, "anatembea na kuhesabu hatua."

Kisha wakaanza kuninywesha: maji, kwa kile kikombe kidogo cha dawa, funda moja, ungoje, funda lingine. Niliambiwa hayo ndiyo maisha yangu sasa. Na sista aliwatangazia wageni wangu wote, pamoja na kina mama wa kanisa waliokuja na shangazi, kwa sauti ya kusikika: "Huyu ni vitu vya kunywa peke yake. Mmesikia? Vya kunywa!"

Wote walisikia. Mke mdogo wa mzee alisikia pia, kupitia kwa mzee.

Kwao, mtu aliyekatwa, awe mama aliyejifungua au kijana aliyetahiriwa, hunyweshwa mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa. Ndiyo dawa ya kidonda. Na mzee alikuwa amekula kitu changu, hivyo alikuwa na deni la heshima ambalo mgonjwa mwenye mguu angani hawezi kulilipa kwa kwenda malishoni. Alimtuma mkewe. Mama huyo alikuja amevaa shanga zake za siku kubwa, amebeba thamosi. Nilimsalimia, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," akanimiminia kwenye kifuniko. Yalikuwa ya dhahabu, yana harufu ya zizi na moshi.

"Kunywa," mzee alisema. "Kondoo mzima amekufa kwa ajili yako. Ukimaliza sisi ni Paker, tuachane na hii jina ya ndege."

Nilimtazama. Nilifikiria jinsi alivyofumba macho akitafuna. Nikasema moyoni: funda moja, ni kitu cha kunywa. Nikanywa.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Kisha tumbo langu jipya, lile la kidole gumba, likakunjika kama mkono unaofinya kitambaa. Jasho lilinitoka hadi shuka likashikamana nami, moyo ukaenda mbio, na wodi ikaanza kuzunguka. Shangazi alipiga kelele. Sista mkuu alikuja akikimbia, akanusa kifuniko, na akasema kwa Kimaa neno moja ambalo hakuna aliyenitafsiria hadi leo.

Daktari, aliyekuwa amenikagua asubuhi hiyo, alikuwa njiani kurudi Nairobi. Sista alimpigia simu, naye akageuza gari. Alisimama mwisho wa kitanda changu, akanibonyeza tumbo, akanieleza bila kupamba: kama mshono umeachia, anachokunywa mtu kinavuja ndani, na atanifungua tena siku hiyo hiyo. Sikuwa nimeogopa kabla ya upasuaji. Pale niliogopa. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni.

Walininywesha maji ya buluu, buluu ya wino, kwa kijiko. Kama mshono umeachia, buluu itatokea kwenye mpira wa ubavuni. Tukaukodolea macho mpira huo, daktari, sista, shangazi, wodi yote. Mzee alikuwa amejifunika shuka hadi puani. Maji yaliyotoka yalikuwa ya wekundu hafifu kama kawaida. Tukangoja. Bado wekundu. Mwishowe rangi ikaonekana, lakini kwenye mfuko wa mkojo, kijani kibichi kinachogeuka buluu, na mzee ndiye aliyeiona kwanza.

"Angalieni! Anakojoa rangi ya nyasi!"

Daktari aliinua mfuko, akautazama, na nikaona mabega yake yakishuka. "Imepita ilikotakiwa kupita," akasema. "Mshono uko salama. Ni mafuta tu yamekukasirikia." Kisha akamgeukia mzee kwa ile sauti ya hesabu. "Nani alimpa?"

"Mlisema anywe," mzee alisema. "Hiyo ni ya kunywa."

Daktari akaketi kwenye ukingo wa vitanda vyangu na kucheka hadi akavua miwani. Alipomaliza alimpa mzee kazi. "Wewe ndiye askari wake. Kitu chochote kikija hapa, unamuuliza sista kwanza."

Hakuna askari aliyekuwa mkali hivyo. Kina mama wa kanisa walikuja na uji wa wimbi, na aliwazuia kwa fimbo yake akiwa amelala. Shangazi mwenyewe alikaguliwa kikapu. Wawili hao walianza kugombana kila siku kwa namna ya watu wanaongojeana, na siku niliporuhusiwa, shangazi aliaga kwenye kitanda cha mzee kwa muda mrefu kuliko alivyomshukuru daktari.

Nilirudi Kitengela, na kilo zikaondoka, kwanza haraka, halafu kwa kusuasua. Kila mwezi nilitoboa tundu jipya kwenye mshipi kwa msumari. Nilitembea hadi barabarani, kisha hadi mtoni, kisha asubuhi moja nilijikuta nimefika karibu na Isinya na nikalazimika kuomba lifti kurudi. Ngozi ililegea na kuning'inia, nywele zilipungua kisha zikarudi, na nikila tonge moja zaidi nilijuta. Hayo pia mtu ayajue.

Bucha ndiyo iliyoumia. Wateja waliingia, wakanitazama, wakauliza tu bei na kutoka. Mchoma nyama mwembamba anatia shaka. Wengine walishusha sauti kama walivyozoea kuzishusha miaka hiyo, na mama mmoja jirani aliniletea kipeperushi cha mahali pa kupimwa, kwa nia njema kabisa. Nilipomwambia nimekatwa tumbo kwa hiari yangu, alinihurumia zaidi. Sikukasirika. Nilikuwa nikisikiliza madereva tena, na safari hii nilipojiona nikienda, nilipita kona ya kwanza, na ya pili, na kuendelea.

Nilimwachia bucha mwenzangu tuliyekuwa tukichinja naye, mtu mwenye kitambi kizuri cha kuaminika, na biashara ikafufuka kabla sijamaliza kufunga mizigo. Siku ya kuondoka nilizunguka madukani kuaga. Kila mtu aliniuliza narudi lini na nikasema nitaona, ingawa nilijua sirudi. Niliambiwa huko Marsabit hakuna maji, hakuna nyama, kuna upepo tu. Nilisema upepo unatosha.

Nilibeba begi mwenyewe hadi kituoni, bila kusimama kutazama jengo lolote. Kwenye basi nilichagua kiti cha dirishani. Mama mmoja aliyebeba mtoto alipanda, akaangalia nafasi iliyobaki kando yangu, akaketi bila kuniuliza nisogee. Mtoto akanyoosha miguu yake juu ya paja langu na kulala. Tulipovuka Athi River mama akaniuliza naenda wapi, nami nikamwambia jina la mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika.